Kabla ya kuinua gurudumu pale Kathiani, nani kati yenu anaweza kusema 'leo hapana'?

Fungua simu yako sasa hivi, telezesha kidole mara tano sita, na huenda ukakutana naye: jamaa aliyevaa jaketi la rangi ya machungwa, amesimama kwenye ncha ya mlima mweupe pepepe, mbao mbili ndefu miguuni. Anahesabu hadi tatu. Anajirusha. Theluji inapaa nyuma yake kama vumbi nyuma ya nganya, anaruka jabali refu kuliko jengo la orofa nne, anapinduka hewani, anatua, anaendelea kana kwamba ameruka mtaro wa mtaani tu. Muziki unapanda. Sekunde 20 zimeisha. Unaweka laiki, unamtumia beshte, unaendelea na shughuli zako.

Telezesha tena. Sasa ni sisi. Boda imeinua gurudumu la mbele. Ama jamaa amelala kifudifudi juu ya kiti, miguu imenyooka nyuma, injini imezimwa na barabara inashuka. Nyuma yake unaona mashamba ya matuta, mikaratusi, udongo mwekundu. Kama wewe ni mtu wa Machakos huhitaji kuambiwa ni wapi. Hiyo ni miteremko ya milima ya Iveti, pande za Kathiani.

Wacha niseme mapema kabla hujanifunga ukidhani hapa kuna mahubiri. Mimi sina ugomvi na hatari. Kijana asiyejaribu kitu chochote cha kumtia kiwewe huzeeka akiwa na miaka 22. Tena Ukambani hatukufunzwa kuruka na TikTok. Ngoma za vijana wa Kikamba zilisifika kwa sarakasi zake tangu enzi za mababu: watu walikuwa wakirushwa juu, wakipinduka hewani na kutua wakiwa bado ndani ya mdundo. Lakini ngoma hiyo ilikuwa na ngui, yaani kiongozi wa wimbo. Ngui akikata wimbo, ngoma imekatika. Hakuna cha kusema ngoja nimalizie moja ya mwisho.

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Kwenye hizi klipu zetu za boda sioni upungufu wa ujasiri. Kinachokosekana ni ngui.

Turudi kwa yule jamaa wa theluji, maana yeye ndiye tunayemwiga, hata kama hatujui jina lake. Wakenya tumewahi kugusa mchezo huu kidogo. Philip Boit, mwanariadha wa Bonde la Ufa, alivaa skii akafika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza wa mwisho, na bingwa wa Norway, Bjørn Dæhlie, akamsubiri kwenye utepe ili amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliteremka milima kwa jina la Kenya kule Pyeongchang mwaka 2018. Lakini hao ni watu wa mashindano. Wana waamuzi, wana njia iliyopimwa na kuwekewa alama. Filamu ninazozungumzia zinapigwa mbali na hayo yote, kwenye milima isiyo na njia wala walinzi, na zimekuwa biashara kubwa kwa miongo kadhaa sasa.

Sasa sikiza kitu ambacho zile sekunde 20 hazikuonyeshi. Dakika tatu nne za mtelezaji mmoja kwenye filamu kama hizo mara nyingi ndizo mavuno ya msimu mzima wa baridi. Vikosi vinavyokwenda kurekodi Alaska vinaweza kukaa siku nyingi kwenye vyumba vya kukodi, wakicheza karata na kula tambi, kwa sababu tu hali ya hewa haijakaa sawa. Wanapopanda, kuna mwongozaji anayechimba shimo kwenye theluji ili aangalie matabaka yake, kama vile fundi anavyochimba kuangalia udongo kabla ya kujenga. Kila mmoja amevaa kifaa kinachorusha mawimbi ya redio, na mgongoni ana koleo na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchokonoa. Si mapambo hayo. Theluji ikiporomoka na kumfukia mtu, nafasi yake ya kuishi ni kubwa ikiwa atafukuliwa ndani ya kama robo saa. Baada ya hapo inashuka kwa kasi ya kutisha. Helikopta haiwezi kufika kwa muda huo. Wenzake ndio ambulensi yake.

Na pamoja na hayo yote, bado wanakufa. Hapa ndipo nataka utulie kidogo.

Mwaka 2006 Mmarekani mmoja anayeitwa Jamie Pierre aliruka jabali la futi 255 kule Wyoming. Hiyo ni kama mita 78, na ilihesabiwa kuwa rekodi ya dunia. Hakuvaa helmeti. Alitua kichwa chini, akazama kwenye theluji, marafiki zake wakamfukua, akatoka na jeraha dogo mdomoni. Video yake imezunguka dunia. Ukiitazama utasema huyu mtu hafi. Novemba 2011 alifariki kule Utah, akiteleza kwenye mlima wa kituo ambacho kilikuwa hakijafunguliwa kwa msimu, theluji ilipoporomoka naye. Hakukuwa na rekodi ya kuvunja siku hiyo wala jabali la mita 78. Ilikuwa siku ya kawaida, mwanzo wa msimu, mtu mwenye hamu ya kuteleza.

Shane McConkey, ambaye wengi wanamchukulia kama baba wa mchezo huu wa kuruka majabali kwa skii na kumalizia kwa parachuti, alifariki Machi 2009 katika milima ya Dolomites, Italia. Skii zake zilikataa kuachia mguu kama zilivyotakiwa. Alipokuwa akihangaika nazo hewani, muda wa kufungua parachuti uliisha. Alikuwa gwiji, si mwanagenzi. Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2013, na ni nzuri, nakubali. Lakini angalia jinsi mambo yanavyokwenda: hata kifo kikageuka filamu, na sisi tukapata cha kutazama tena.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Sarah Burke wa Canada. Yeye hata hakuwa akirekodi filamu. Januari 2012 alikuwa mazoezini kule Park City, Utah, akiwa na helmeti, kwenye mfereji wa theluji uliotengenezwa maalum kwa michezo hii. Alianguka. Waliokuwepo walisema anguko lenyewe halikuonekana baya sana. Siku tisa baadaye alifariki. Kwa sababu shughuli ile haikuwa ya timu ya taifa, bima ya chama chao haikumhusu. Familia ikabaki ikikodolea macho bili ya hospitali ya Marekani. Unajua kilichofuata? Harambee. Mashabiki walichanga zaidi ya dola 300,000 mtandaoni, kama shilingi milioni 25 za wakati huo.

Soma hiyo tena. Bingwa wa dunia, mtu wa matangazo na filamu, na mwisho wa siku ilikuwa ni mambo ya 'jameni tusaidiane'. Wewe na mimi tunalijua vizuri hilo grupu la WhatsApp linalofunguliwa saa nne usiku, picha ya mtu akiwa amelala kitandani, namba ya mweka hazina, na ujumbe kwamba hata hamsini si kidogo. Kijana wa boda pale Kathiani akivunjika nyonga hana mashabiki wa nchi mbili. Ana mama yake, stage yake, na grupu hilo.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo watu wengi hawalijui, na ninaomba unisikize kwa makini kwa sababu linaeleza mengi. Kamera hudanganya mteremko. Lenzi pana ya simu na ya zile kamera ndogo za kwenye helmeti hulaza mlima. Mteremko ambao ukisimama juu yake magoti yanacheza, kwenye video unaonekana kama uwanja wa mpira ulioinama kidogo. Watelezaji wa theluji wanalalamikia jambo hili kila siku. Sasa fikiria matokeo yake. Unarekodi stanti iliyokutoa jasho, unaitazama, unaona haina makali. Beshte anakuambia, "Buda, hii ni ya kawaida." Mnarudia. Safari hii kasi zaidi, chini zaidi, karibu zaidi na kona. Lenzi ndiyo iliyokupunguzia sifa, lakini unayelipia tofauti ni wewe, kwa mifupa.

Mtu wa Machakos ndiye anayepaswa kuwa wa mwisho kudanganywa hivyo. Si sisi wenye Kyamwilu? Kama hujawahi kufika, ni pale Kituluni, kama kilomita 12 hivi kutoka mjini Machakos. Unaweka gari free, unaachilia breki, na gari linaonekana kupanda mlima lenyewe. Ukimwaga maji, yanaonekana kupanda pia. Watu wanatoka Nairobi kuja kujionea. Wataalamu wanasema ni kiini macho tu, kwamba umbo la nchi iliyozunguka pale linalifanya jicho kuchukua mteremko kuwa mwinuko. Wazee wana maelezo yao, na mimi sitayaingilia. Lakini kila nikipita pale namwona mtu amesimama katikati ya lami, mgongo umegeukia magari yanayokuja, simu imeinuliwa, anarekodi gari la mwenzake ambalo halina dereva ndani. Wanarekodi muujiza. Lori linalokuja halijui kuna muujiza.

Halafu kuna hili la kuzima injini kwenye mteremko. Tusijidanganye kwamba lilianza kama stanti. Lilianza kama ubahili, na siulaumu ubahili huo, bei ya petroli kila mtu anaijua. Unatoka juu Iveti, unaweka free, unazima, unashuka bure hadi chini. Abiria hajui, umeokoa shilingi kadhaa. Ubaya ni kwamba pikipiki ikiwa kwenye gia, injini yenyewe inasaidia kuizuia. Ukiweka free umebaki na breki peke yake, na breki za nyuma za boda nyingi ni za drami. Zikishikwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, na zikipata moto hulegea. Kwenye gari ni mbaya zaidi, kwa sababu injini ikizima ule msaada unaofanya breki kuwa laini unaisha baada ya kukanyaga mara chache, na unabaki ukikanyaga jiwe. Ongeza hesabu hii rahisi ya Form Two: ukiongeza kasi mara mbili, umbali unaohitaji kusimama tangu uliposhika breki unakuwa kama mara nne, si mara mbili. Kutoka 40 kwenda 80 ni kidole tu cha mkono wa kulia. Kwenye lami yenye changarawe iliyoletwa na mvua, ni kaburi.

Nilisimama mahali fulani kwenye barabara hiyo mwaka jana nikiwatazama vijana wanne wakirekodi. Sitasema ni wapi hasa wala wao ni kina nani, maana hawakunikosea. Nilichokiona kilinishangaza kwa wema na kwa ubaya. Kwa wema: walikuwa wameweka mtu kwenye kona ya chini, kazi yake ikiwa kupunga shati kama kuna gari linapanda. Hao si wajinga. Wamefikiria. Hivyo ndivyo hata wale wa Alaska wanavyofanya, wanaweka mtu mahali anapoona ambapo mrukaji haoni.

Kwa ubaya: baada ya majaribio mawili yule wa kona akatoa simu yake pia, kwa sababu pale chini ndipo pikipiki ilipopita vizuri zaidi. Kuanzia hapo macho yake yalikuwa kwenye kioo. Mlinzi amegeuka mpiga picha. Ikapanda Probox, yeye akaisikia kabla ya kuiona, akapunga akiwa amechelewa, na mwenye pikipiki akashusha gurudumu akapita upande wake wa barabara akicheka. Hakuna aliyeumia. Walirudia mara tatu zaidi.

Hapo sasa ndipo nikauliza moyoni: hivi kati ya hawa wanne, ni nani angeweza kusema basi, leo hapana, tukunje tuende? Yule anayeendesha hawezi, ataitwa mwoga. Anayerekodi hawezi, yeye ndiye anayetaka klipu. Mwenye pikipiki labda, lakini yeye anaogopea tu pikipiki yake, na huenda bado anailipia mkopo. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kuendelea. Hakuna aliyepewa kazi ya kusimamisha.

Kwenye filamu zinazotengenezwa vizuri neno hilo lina mwenyewe. Mwongozaji akisema theluji hii siiamini, helikopta inageuka, hata kama kuna watu watano wenye kamera za mamilioni wamekaa ndani. Na mtelezaji mwenyewe akifika kileleni akahisi vibaya, anarudi alikotoka na hakuna wa kumcheka. Sisemi inatokea hivyo kila mara. Wale waliokufa wanatuonyesha kwamba haitokei kila mara. Lakini neno lipo na watu wanalijua. Sisi tumechukua muziki, tumechukua mwendo wa polepole, tumechukua hata zile droni, tukaacha neno.

Naona kuna mtu ananiandikia tayari: maisha ni yangu, wewe inakuuma nini? Sawa. Ukiwa peke yako kwenye jabali la Wyoming naweza kukusikiza. Jabali halina wapita njia. Barabara ya Kathiani ina mwaitu anayetoka sokoni na gunia la maembe kichwani, ina watoto wa shule wanaotembea kwa mistari minne kwa sababu hakuna njia ya miguu, ina punda, ina mzee asiyesikia vizuri sikio la kushoto. Hao hawajakubali kuwa ndani ya filamu yako. Na kuna abiria. Sheria ya Trafiki iko wazi kwamba boda ni abiria mmoja, na wote wawili wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Ukiinua gurudumu ukiwa na mtu nyuma, yeye ndiye anayeangukia mgongo kwanza. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani kila mwaka katika miaka hii ya karibuni kwa hesabu za NTSA, na waendeshaji na abiria wa pikipiki ni sehemu kubwa ya idadi hiyo. Wengi wao hawakuwa kwenye stanti yoyote. Walikuwa wanaenda kazini. Barabara yetu tayari ina hatari ya kutosha ya bure.

Wewe mtazamaji pia usijifanye haupo. Unapotuma klipu kwenye grupu na kuandika 'huyu ni moto', umeweka oda ya nyingine. Simlaumu anayetazama kwa kutazama, hata mimi hutazama, na ile ya yule jamaa wa jaketi la machungwa nimeirudia mara nane. Ila nimeanza kuangalia tofauti. Nauliza kamera imesimama wapi. Nauliza kama kuna gari linaloonekana kwa mbali. Nauliza hii ni mara ya ngapi wanajaribu. Mtu akiweka pia video ya alivyoanguka, alivyojipanga, alivyoghairi, huyo ndiye namfuata na kumpa laiki yangu. Jaribu wiki moja. Utagundua baadhi ya mashujaa wako hawajawahi kuonyesha hata mara moja kitu kilichokataa.

Ukitaka kuona jinsi watu wetu wenyewe wanavyofanya jambo hili sawa, huna haja ya kwenda Alaska. Safari Rally iliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, wengi tuliona magari yakiruka kule Naivasha. Wachache waliona kwamba kabla ya kushindana dereva na msaidizi wake hupita kila kipande cha njia mara mbili, kwa mwendo wa kawaida, wakiandika kila kona na kila jiwe kwenye daftari. Ndani ya gari kuna fremu ya vyuma. Kando kuna ambulensi. Barabara imefungwa. Halafu ndipo wanakanyaga. Nairobi kuna Sarakasi Trust, imekuwa ikifunza vijana wa mitaani kuruka na kupinduka tangu 2001, na baadhi yao wamekula mshahara wa hiyo kazi ng'ambo. Wanaanzia kwenye godoro. Na hapo Lukenya, ndani ya kaunti yetu hii hii, wanachama wa Mountain Club of Kenya wamekuwa wakipanda miamba kwa miaka mingi, kwa kamba, mmoja akipanda na mwingine akiwa amemshikilia chini. Yule wa chini hapigi picha. Mikono yake ina kazi.

Sidhani ni ndoto kubwa stage za boda za Kathiani na Mitaboni kuomba uwanja wa udongo kwa alasiri moja kwa mwezi. Hakuna abiria, hakuna lami, hakuna punda. Magunia ya majani makavu pembeni. Helmeti ni lazima, na namaanisha helmeti iliyofungwa kidevuni, si ile inayokaa kama kofia ya harusi. Na mtu mmoja, asiyeendesha na asiyerekodi, mwenye filimbi. Akipuliza, mambo yamekwisha, na hakuna kumuuliza kwa nini. Mumbadilishe kila mwezi ili kila mtu aonje uzito wa hiyo kazi. Mkirekodi hapo, klipu itakuwa na vumbi zuri zaidi kuliko lami, naapa.

Kaunti inaweza kusaidia. Lakini ukingoja kaunti ndio uanze utakuwa umeoa na kuacha boda.

Na kwa sababu najua wengine wenu mtaenda mteremkoni Jumamosi hii hata baada ya kusoma haya yote, angalau chukueni kile ambacho watu wa theluji wanacho na nyinyi hamna. Wao hujua kwamba msaada wa kwanza ni wenzao. Nyinyi pia. Mtu akianguka, mtindo wetu ni kumbeba mikono na miguu kama gunia, kumweka katikati ya watu wawili kwenye boda nyingine na kukimbia naye. Kama ameumia shingo au uti wa mgongo, safari hiyo inaweza kumpoozesha kabla hajafika kokote. Msimwinue kama hakuna moto wala hatari ya kugongwa. Msimvue helmeti kwa nguvu kama anapumua. Mmoja ashike kichwa chake kisitikisike na aendelee kuzungumza naye. Kama damu inatoka, bonyeza kwa kitambaa na usiachie. Wawili waende kusimamisha magari, mmoja juu ya kona na mwingine chini, mbali kiasi cha dereva kuweza kusimama. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, iweke kwenye simu leo kabla hujaihitaji, na ukipiga sema jina la soko au shule iliyo karibu, si 'hapa tu kwa mteremko'. Kathiani kuna hospitali ya Level 4, na ya Level 5 iko mjini Machakos; mjue kabla ya kwenda ni gari la nani litakalobeba mtu amelala, na kama mwenyewe yuko karibu na ana mafuta.

Kama hakuna gari la aina hiyo Jumamosi, basi hapo mmeshapata jibu la siku hiyo.